Mara Tatu Kabla ya Kumwaga

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo. Ukitaka iitikie, usipotaka iache hapo mezani.

Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako bado anaendesha lori la saruji na mgongo bado unamlilia. Mpwa wako mkubwa amenipita kwa urefu, na mdomo ameurithi kwa mjomba wake, ukimwambia neno moja anakurudishia saba. Mpe wifi pole ya goti. Mama naomba umsalimie wewe mwenyewe, usimtume mtu wa duka lako la dawa.

Simu zangu hupokei tangu Desemba, na ukipokea una mteja. Nimeona niandike, maana karatasi haina mteja. Mistari ikipanda na kushuka nivumilie, utaona sababu.

Tarehe kumi na tatu Januari nilipasuliwa jicho la kulia. Pumu yangu unaijua. Vidonge nilivyomeza miaka yote vimenipa mtoto wa jicho pande zote mbili, na nina miaka thelathini na saba tu. Nusukaputi hawataki kunipa kwa ajili ya kifua. Wakaamua kunipiga ganzi jichoni, na sindano ya kutuliza mkononi ili nilegee bila kulala. Watu wanafanyiwa hivyo kila siku, wanatoka wanauliza chai iko wapi.

Mimi nilipolegea wakanifunika uso kwa kitambaa, likabaki tundu la jicho tu. Kando yangu mashine ilikuwa inanguruma. Wanasema nilitulia dakika mbili, kisha nikaanza kurusha mateke. Nilimng'ata muuguzi mkono. Nikageuza kichwa kisu kikiwa ndani ya jicho. Kaka, jicho la kulia sasa linaona mwanga na kivuli, basi. Na katika hayo yote mimi sikumbuki hata punje. Nilizinduka nikakuta wamenifunga mikono.

Wakanipeleka kwa daktari wa mambo ya ubongo, mama mmoja mpole anayeongea polepole kama anakuhesabia vidonge. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kupata mshtuko. Nikamwambia hadithi yetu, ile ambayo kila mgeni kwetu aliipata pamoja na chai. Kwamba nikiwa na miaka sita nilijificha kwa ubishi ndani ya kapu la mashuka, dukani kwetu, kwa dobi. Kwamba mama aligonga kapu mara tatu na kuita mara tatu kabla ya kumwaga, ndiyo ilikuwa sheria ya duka kwa sababu ya paka na watoto. Mimi nikanyamaza. Akanimwaga kwenye mashine pamoja na mashuka, akafunga, akawasha. Mashine ile ya zamani mlango wake ulifunguka hata pipa likizunguka, naye alipogundua akatia mkono, vidole vitatu vikaenda. Ndiyo maana mpaka leo naitwa Bubu, ingawa naongea kuliko redio.

Daktari akauliza, siku hiyo ulikuwa umekunywa dawa yoyote? Nikasema sijui. Akasema, nani anajua? Baba ni marehemu. Mama alikuwa kazini. Aliyeachiwa kuniangalia ulikuwa wewe.

Swali langu ni hilo moja. Siku ile nilikuwa nimepewa kitu? Jicho la kushoto nalo linaziba, presha yake inapanda, na hawathubutu kuligusa mpaka wajue kilichonipata kwenye la kwanza. Mimi ni fundi cherehani. Fundi kipofu ni hadithi ya kuchekesha watoto.

Mdogo wako

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nilibanwa na kazi. Tumefungua duka la dawa la pili karibu na kituo cha polisi, na mtu wa kusimama kaunta ambaye hachanganyi vidonge na pipi ni shida kumpata. Kijana wangu anaanza udaktari Septemba. Wifi yako amepata nafuu. Mama anakula vizuri, mchana anakaa nyuma ya kaunta anapiga soga na wateja, na kila anayeingia anamwambia, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Wateja wakiutazama mkono wake wa kulia wanaelewa.

Pole kwa jicho. Pole sana, nasema kwa moyo. Lakini nimesoma barua yako mara mbili na nimeshindwa kujua ninaombwa nini. Ulirusha mateke mezani, basi tatizo ni sindano yao au daktari wao. Wapo watu ambao dawa za kutuliza huwachafua badala ya kuwatuliza, jambo hilo linajulikana. Ungeanza kwa kuwauliza wao badala ya kufukua makapu ya miaka thelathini na moja.

Hata mtoto akipewa dawa ya kikohozi, hiyo dawa inatoka mwilini kwa siku moja, mbili zikizidi. Haikai kwenye damu mpaka mtu azae watoto watatu. Nasema hivi kama mtu wa taaluma, sisemi kama kaka. Hao madaktari wa ubongo wakikosa ugonjwa wa leo wanakutafutia wa juzi.

Uliingia mwenyewe. Ulikuwa mtoto mbishi na umekuwa mama mbishi. Mama alikusamehe, baba alikusamehe, mimi nimekaa na mama miaka yote hii namfungia vifungo vya gauni. Usitafute wa kumvisha kosa lako kwa kuwa jicho limeharibika.

Kaka yako

*

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa duka la pili na kwa kijana. Huku mvua imeingia jikoni, tumeweka beseni, hakuna jipya.

Sikuandika neno kikohozi.

Shemeji yako aliisoma barua yangu kabla sijaibandika, na nimemuuliza tena jana akiwa anakula. Hakuna kikohozi ndani yake. Niliuliza kama nilipewa kitu, wewe ukajibu kitu gani. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, lakini yako haikufika hata barazani.

Sasa nikueleze, maana unasema wewe ni mtu wa taaluma. Yule daktari amenipima mara mbili. Siku ya kwanza nikiwa na akili zangu alinilaza, akanifunika shuka usoni, na chumba cha pili mashine ya kufulia ya hospitali inavuma. Nikamuuliza nikae hivyo mpaka lini, maana nina mapazia ya watu. Moyo unadunda kama wa mtu anayesubiri zamu yake saluni. Siku ya pili akanipa sindano ile ile, nusu ya kiasi, shuka lile lile, mashine ile ile. Wanasema moyo uliruka mpaka mia na arobaini. Nikasema maneno. Shemeji yako aliyaandika nyuma ya karatasi yake ya safari, ninayo hapa: "Nimesikia, mama. Nimesikia. Ulimi hautaki."

Nilipozinduka wakaniuliza nimesema nini. Nikawaambia sijasema kitu, nataka maji.

Nilimweleza daktari habari za dukani kwetu, naye akanifafanulia kwa hizo hizo. Nguo iliyopokelewa kwa tikiti nyekundu haitoki kwa tikiti ya bluu. Ipo kwenye kamba, haijapotea, ila ukija na tikiti ya bluu utaambiwa hatuna. Ubongo uliolegezwa na dawa unaupokea woga kwa tikiti ya hali ile. Ukiwa mzima huwezi kuudai, hata uufikirie mwaka mzima. Ukilegezwa tena unaletewa wote, haujakauka. Anasema dawa za kikohozi za zamani, zile za kulaza watoto, na hii sindano si ndugu wa damu lakini kichwani zinabisha hodi milango inayokaribiana.

Kwa hiyo dawa haikubaki kwenye damu yangu, mtu wa taaluma. Kilichobaki ni woga, na dawa ni tikiti yake.

Kunizoesha shuka nikiwa mzima ni kazi bure. Anataka anirudishe kwenye hali ile, kwa kipimo, niufikie woga wangu, na huko huko niambiwe kwamba yamekwisha. Akizidisha nalala, akipunguza sifiki. Anahitaji kujua nilikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi kabla ya kumwagwa, na nani walikuwepo wakisema nini.

Nimeishi miaka thelathini na moja nikiamini nilimsikia mama nikanyamaza kwa jeuri. Baba amekufa akiniita Bubu. Kumbe nilikuwa namjibu.

Andika.

*

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana. Wifi yako anasema hasira si mwandishi mzuri, na mimi namheshimu wifi yako.

Umegeuka mwendesha mashtaka. Unashika neno moja unalitundika ukutani. Haya. Ulipewa kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi, kwa sababu ulikuwa unakohoa. Ni mama gani mtaani kwetu hakuwapa watoto wake dawa ile? Chupa ilikaa dirishani karibu na sabuni, kila mtu aliifikia. Kijiko kimoja. Umeridhika?

Na hayo maneno ya nyuma ya karatasi ya safari, mtu aliyelewa sindano anasema lolote. Hapa dukani wamewahi kuniletea mzee aliyekuwa anadai yeye ni treni.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa ajili ya mama. Mama ana miaka sabini. Unajua amelalaje miaka yote hii? Amelala vizuri, kwa sababu anajua aligonga mara tatu na akaita mara tatu. Hilo ndilo alilonalo. Alimtia mwanawe kwenye mashine, lakini aliita kwanza. Wewe sasa unataka umwambie kwamba mtoto alisikia, alijibu kimoyomoyo, na yeye akamwaga? Utampokonya hilo nalo umwachie nini, jicho lako?

Usimpigie. Usimwandikie pia, barua zake namsomea mimi, miwani yake imechoka. Ukinisukuma zaidi, nitawaambia ndugu wote kwamba maradhi yamekupanda kichwani, na unajua wataamini nani.

Kaka yako

*

26 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Watoto wazima, mvua imekatika.

Kijiko kimoja hakimfungi mtoto ulimi. Nilimsomea daktari, akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Anasema mtoto wa miaka sita kwa kijiko kimoja angesinzia, na angelia alipoguswa na maji. Mimi sikulia mpaka pipa lilipozunguka. Mama alisema hivyo kila mara, "Hata maji yalipoingia, kimya." Alikuwa akilisema kama ushahidi wa ubishi wangu, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unakunywa chai.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu usingizi wa mama. Mama analala vizuri kwa mgongo wangu. Miaka thelathini na moja mimi ndiye mto wake.

Tarehe tano Juni wanalipasua jicho la kushoto, nikiwa tayari au nisiwe. Presha yake haingoji. Nikirusha mateke tena ndio basi, nitashikwa mkono kwenda chooni.

Waambie ndugu unalotaka. Waambie nimekula majani. Sitaki uniombe radhi, kaka, hata ukiniomba sina pa kuiweka. Naomba kipimo.

*

8 Mei

Mdogo wangu,

Soma hii ukiwa peke yako kisha ichome.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku ile tulikuwa na fainali ya mpira ya mitaa saa nne na nusu, na mimi nilikuwa kipa. Mama akasema siendi popote, nikuangalie wewe mpaka mashuka ya hospitali yaishe. Wewe ulikuwa mtoto wa kufuata watu. Nikienda msalani ulikuwa unasimama nje ya mlango.

Saa tatu asubuhi nilikupa dawa kwenye kile kifuniko cha chupa. Vifuniko vitatu vilivyojaa. Kifuniko kimoja ni mililita kumi, nilikuja kukipima miaka mingi baadaye nikiwa chuoni. Nilikuambia ni sharubati, ukaomba tena. Dawa yenyewe ilikuwa ile ya chupa ya kahawia, ya usiku, haitengenezwi tena, mwambie daktari wako ni ya kundi la kulaza, atajua.

Hukukohoa hata kidogo. Hilo nalo niliongopa.

Ulipolegea nikakuweka kwenye kapu. Ungekutwa kwenye benchi umelala asubuhi yote mama angekuamsha, angenusa mdomo wako. Nilichagua kapu la kamba ya kijani, unakumbuka, la kijani lilikuwa la kungoja mpaka jioni. Nikakufunika mashuka mawili, nikaacha nafasi ya kupumua. Niliipima hiyo nafasi kwa kiganja. Usinidhanie nilikutupa.

Halafu mashuka ya hospitali yakapungua uzito kwenye mashine, mama akataka kujazia. Akalivuta la kijani. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya pasi nafunga kamba za viatu. Nilimsikia akigonga. Nilimsikia akiita, mara tatu. Nilijua ni kapu gani. Nilifikiri ataona kamba aliache. Kisha nikafikiri ukimwagwa utaamka, utalia, nitachapwa, basi. Sikufikiri zaidi ya kuchapwa. Ilikuwa kama saa nne kasoro robo.

Alipowasha ndipo nilipopiga kelele. Hilo hulijui. Kelele iliyomfanya mama atie mkono ilikuwa yangu, wewe hukuwa na sauti. Usipoandika mengine yote, hilo liandike.

Baba alipofika akauliza mtoto aliingiaje. Mama alikuwa amezimia. Nikasema aliingia mwenyewe. Lilitoka tu. Kesho yake lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima, na mimi nilikuwa nimeshapewa kazi ya kumlisha mama kwa kijiko.

Umepata kipimo chako. Sasa nipe neno lako kwamba hutamwambia. Nimemfungia vifungo miaka thelathini na moja, nadhani hilo nimelilipia.

Wala usinijibu kwa maneno mengi.

*

14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kipimo kimefika, nimemkabidhi daktari mkononi. Barua sijaichoma, lakini hakuna atakayeisoma zaidi yangu na yeye.

Neno langu unalo. Sitamwambia mama, kwa mdomo wala kwa kalamu. Silifanyi kwa ajili yako.

Ila daktari anataka sauti yake. Anasema huko nitakakorudishwa aliyekuwa akiniita ni yeye, na mwingine akiita haitashika. Mpandishe basi la asubuhi tarehe thelathini na moja, shemeji yako atampokea stendi. Mwambie mwanawe anapasuliwa jicho na anataka mama awepo. Huo si uongo. Ukimzuia nitajua unaogopa nini, na neno langu nitalifikiria upya.

Dawa zake za presha usisahau kumfungia.

*

17 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Tazama mistari ya barua hii, imenyooka. Jicho la kushoto limefunguka. Jana nilitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, nikamwita mpwa wako aje ashuhudie, akasema, "Mama, ni sindano tu." Shemeji yako anakusalimu kwa kifupi.

Tarehe mbili daktari alinilaza kwenye chumba chake. Mama alikuwa ameambiwa jambo moja tu, kwamba nikilegea agonge ubao wa kitanda na kuniita, kama alivyokuwa akifanya dukani, ili nitulie. Aliona ni mambo ya kizungumkuti lakini alikubali. Sindano ikapigwa kwa kipimo chako. Shuka likawekwa.

Yanayofuata nimesimuliwa na shemeji yako, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Mimi sina hata chembe yake.

Mama aligonga kwa mkono wake ule wa kulia, akaita. Moyo wangu ukapanda. Akagonga akaita ya pili. Ya tatu nikajibu. Nilisema, "Nipo, mama. Usimwage, nipo." Shemeji yako anasema mama alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Daktari akamwonyesha ishara aendelee. Mama akaniambia, "Nimekusikia. Simwagi. Nimekusikia, mwanangu." Akalirudia hilo mpaka mapigo yakaanza kushuka, na daktari akanifunua uso, akanifunika, akanifunua, mara nyingi, kila mara mama ananiambia amenisikia. Kazi iliyotakiwa ilikuwa imekwisha hapo.

Lakini mama hakuwa amekwisha. Aliinama akaniuliza, "Kwa nini hukunijibu siku ile?" Daktari alimshika bega. Mama akautoa mkono wake.

Nikamwambia kaka amenipa ile tamu. Nikamwambia vifuniko vitatu. Sikumwambia mimi, kaka. Neno langu nililishika na bado ninalo. Alimuuliza yule aliyeko ndani ya kapu, na yule hakukuahidi kitu.

Kisha nikasema jambo ambalo halimo kwenye barua yako. Nilisema, "Ulimuuliza kaka mimi niko wapi. Kaka akasema nimetoka nje."

Nilipozinduka nilimkuta mama ameketi kwenye kiti cha daktari, mkono mmoja mdomoni. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia ninywe maji kwanza. Siku tatu hakulitaja, mpaka baada ya upasuaji, nilioupita bila teke hata moja, jicho limefungwa na mimi nimejilaza. Ndipo akaniambia. Baada ya kuita mara tatu bila kujibiwa hakumwaga moja kwa moja. Moyo wake ulisita, kwa sababu ya viatu vyangu alivyoviona karibu na ukuta. Akageuka akakuuliza, mdogo wako yuko wapi. Nawe ukanyanyua kichwa kutoka kwenye kamba za viatu, ukamtazama usoni, ukasema, "Ametoka nje, mama. Anacheza." Ndipo akamwaga.

Anasema hilo alikuwa nalo miaka yote, ila aliliweka kama kosa la mtoto aliyedhani mdogo wake yuko nje. Hakuwahi kukuuliza tena, kwa kukuonea huruma. Alikuona ukilia, akaona akikukumbusha atakuumiza.

Uliandika kurasa tatu. Ulikumbuka kamba ya kijani na mililita na kiganja cha kupumulia. Hilo moja ulilipita. Nimejaribu kufikiri labda ulilisahau, labda na wewe lilipokelewa kwa tikiti nyingine. Nilimuuliza daktari kama inawezekana. Akaniuliza, kaka yako alikuwa amekunywa nini siku ile? Nikasema hakunywa kitu. Akafunga faili langu.

Mama yupo hapa. Anashinda na mimi chumba cha kushonea, ananitolea mishono iliyokosewa kwa wembe, mkono wa kushoto. Ameacha kuniita Bubu, anatafuta jina langu na mara nyingine linamchelewa. Usiku halali vizuri, ulisema kweli. Namsikia akitembea ukumbini. Nikitoka tunakaa.

Hataki kukuandikia na hataki nikusomee chochote kwenye simu. Nimemuuliza kama ana ujumbe wowote. Amesema umfungie nguo zake umpe dereva wa basi la asubuhi. Nikamuuliza nikuandikie ufunge ngapi.

Amesema zote.